Rangi Mpya na Chuma cha Kale



Wapendwa wasikilizaji, mwaka 1830 fundi mmoja wa pande za Stroud, nchini Uingereza, jina lake Edwin Beard Budding, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake: mashine ya kukatia majani. Wazo alilitoa katika viwanda vya nguo, ambamo visu vya kuzunguka vilinyoa vinyweleo vya kitambaa cha sufu. Hata leo wako watu nchini humo wanaokusanya mashine za kale za namna hiyo. Huzitengeneza upya, na waamuzi huzipima kama zingali na uasilia wake.

Mwamuzi mwenye ujuzi hadanganywi na mng'ao. Huinama akatazama chini. Je, silinda ya visu ni ya mashine hiyo, au imetolewa katika nyingine? Namba iliyogongwa kwenye chuma yapatana na umri unaotajwa? Sehemu iliyopakwa rangi kiwandani, mbona sasa yang'aa kama kioo? Rangi ya kwanza, hata ikichakaa, huihesabu kuwa hazina, maana ikisha kukwanguliwa hairudi. Wala kipuri kipya si kosa: visu huisha, mipini ya mbao huoza. Kosa ni kukificha na kukiita cha kale.

Ndugu zangu, sisi nasi tumetoka mkononi mwa Muumba, tukiwa na sura yake. Dhambi imetutia kutu, na neema hututengeneza upya. Lakini wako wanaopenda rangi kuliko matengenezo. Mtu huketi kiti cha mbele kanisani, huimba kwa sauti kuu, na huku shamba la mjane alilolinyakua lingali mikononi mwake. Hiyo ni rangi juu ya kutu. Nayo kutu hula chuma kimyakimya.

Zakayo hakufanya hivyo. Katika Injili ya Luka, sura ya 19, aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakuficha alichokuwa, alikitaja, akakirekebisha.

Tena, msione haya kwa makovu yenu. Katika Injili ya Yohane, sura ya 20, Bwana mfufuka alimwonyesha Tomaso mikono yake na ubavu wake. Utukufu wa Pasaka haukuzifuta alama za mateso. Mlevi aliyeacha pombe hana haja ya kujifanya hakuwahi kulewa. Kovu lake laweza kumtia moyo jirani anayezama.

Basi juma hili, kabla ya kwenda kuungama, kila mmoja ajiulize: nimetengenezwa, au nimepakwa rangi tu? Na kama kuna cha mwenzako nyumbani mwako, kirudishe kwanza.

Mungu awabariki nyote. Amina.