Misaada Igawanywe kwa Kipimo Gani?



Nimeombwa kusema nanyi juu ya haki katika kugawa misaada ya serikali. Nimechagua mfano wa Marekani, kwa kuwa huko fedha zilikuwa nyingi na kanuni ziliandikwa wazi. Mfano huo waonyesha kwamba mnyonge aweza kupitwa na msaada hata pasipo mtu kuiba senti moja.

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga shule na mikahawa, wakulima wa huko walikosa soko. Maziwa yalimwagwa. Viwanda vya nyama viliposimama kwa sababu wafanyakazi waliugua, nguruwe waliokuwa tayari kwa soko waliuawa na kutupwa. Mwezi Aprili serikali ilitangaza mpango wa dola bilioni 19: bilioni 16 za kuwalipa wakulima moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua vyakula vya kuwagawia wahitaji. Mwezi Septemba ikatangaza awamu ya pili ya hadi dola bilioni 14. Mkulima alipeleka maombi yake kwa ofisi ya kilimo inayohudumia kaunti yake.

Sasa tutazame kipimo. Katika awamu ya kwanza, malipo yalihesabiwa kwa wingi wa mali: idadi ya ng'ombe na nguruwe, wingi wa mahindi, uzito wa maziwa. Mtu mmoja aliweza kupata hadi dola 250,000, na kampuni yenye wabia watatu wanaoshughulika na shamba hadi dola 750,000. Wenye kukitetea kipimo hiki husema kwamba aliyepoteza zaidi na alipwe zaidi. Hoja hiyo ina uzito, maana shamba kubwa nalo lina madeni makubwa. Lakini kufidia hasara ni jambo moja, na kumwokoa aliye karibu kuanguka ni jambo jingine. Kipimo cha wingi hakiulizi ni nani atakayeuza shamba lake mwakani.

Tena, kibarua avunaye shamba la mwingine hakuwa na ng'ombe wala mahindi ya kuhesabiwa. Mpango ule haukumhusu. Mpango mwingine uliokuja baadaye kwa ajili ya vibarua ulitoa dola 600 kwa mtu, mara moja tu.

Zaidi ya hayo, wapo waliokuwa na sababu ya kuogopa mlango wa ofisi. Mwaka 1999 mahakama ilithibitisha mapatano ambayo kwayo serikali iliwalipa fidia wakulima Weusi walioishtaki kwa kuwabagua katika mikopo. Aliyefukuzwa jana harudi leo kwa sababu tu tangazo limebandikwa.

Ndugu zangu, nanyi hukaa katika kamati za kugawa chakula, mbegu na karo. Kabla ya kuandika jina la kwanza, jiulizeni mambo matatu. Kwanza, tunapima nini: mali ya mtu au shida yake? Pili, ni nani asiyeweza kuhesabika kwa kipimo hicho? Tatu, ni nani hatakuja hata akiitwa, na nani atamfuata nyumbani kwake?

Orodha ikisomwa hadharani bila maswali hayo, itakuwa safi, lakini haitakuwa ya haki.