Njia ya Ilboru Huanzia Darasa la Kwanza
Hotuba kwa wazazi na walezi wa Kata ya Nduruma



Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yanapotangazwa, wazazi wengi wa mkoa huu hutafuta kwanza jina la shule moja: Ilboru. Shule hiyo ipo kwenye miteremko ya Mlima Meru, na mtu atokaye Nduruma huweza kuifikia na kurejea siku hiyo hiyo. Lakini ukaribu wa barabara si ukaribu wa nafasi. Ilboru ni mojawapo ya shule za Serikali za vipaji maalumu, pamoja na Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, na Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana. Shule hizi ni za taifa zima. Kuishi jirani nazo hakumpi mtoto haki ya kuingia.

Utaratibu wa uchaguzi ni huu. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika mwezi Septemba chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Masomo ni sita, kila moja lina alama 50, na jumla yake ni 300. Daraja A huanzia alama 241. Kwa kufuata ufaulu huo, Ofisi ya Rais – TAMISEMI hupanga wanafunzi katika shule. Hakuna fomu ya maombi inayouzwa wala ada ya kutafutiwa nafasi. Mtu amwendeaye mzazi akidai fedha ili mtoto “asaidiwe” kuingia Ilboru ni tapeli, na yafaa taarifa zake zifikishwe mapema kwa mtendaji wa kijiji au wa kata.

Kwa kuwa mlango ni mmoja na ni mwembamba, wazazi wengi huanza kuhangaika mtoto afikapo darasa la saba. Hapo hutafutwa mwalimu wa tuisheni na vitabu vya mitihani iliyopita. Lakini samaki hukunjwa angali mbichi. Maswali ya Sayansi, ya Uraia na hata ya Hisabati huja kwa maandishi. Asomaye kwa kusitasita hupoteza alama katika karibu kila somo. Jitihada za miezi michache haziwezi kujenga upya msingi ambao ulipaswa kujengwa darasa la kwanza na la pili, katika kusoma, kuandika na kuhesabu.

Hapa Nduruma msingi huo una ugumu wake. Watoto wengi huanza maisha kwa Kiarusha, Kimasai au Kimeru. Wafikapo shuleni hukutana na Kiswahili, na wafikapo sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto anyamazaye darasani huenda anatafuta maneno tu, na akili yake ni timamu. Mwingine huitwa mzito kumbe haoni vizuri ubaoni au hasikii vyema. Mwingine hukosa vipindi kila zamu ya maji ya mfereji inapofika au mifugo inapokosa mchungaji. Mwingine husoma mchana kutwa bila kula. Kila mmoja wa hawa anahitaji msaada wa aina yake, na fimbo haimo katika misaada hiyo.

Misaada yenyewe haiko mbali. Huko Tengeru kipo Chuo cha Ualimu Patandi, ambacho huandaa walimu wa elimu maalumu. Mzazi mwenye shaka juu ya macho, masikio au uelewa wa mtoto wake aanzie kwa mwalimu wa darasa na zahanati, bila kuona aya. Nchini India, shirika la Pratham limeonyesha njia ambayo nchi nyingine zimeiga: kwa sehemu ya siku, watoto hupangwa kwa kiwango chao cha kusoma badala ya darasa lao. Ajuaye herufi tu hukaa na wa herufi, asomaye maneno hukaa na wa maneno, na kila mmoja husogezwa hatua inayofuata. Njia hii haihitaji jengo jipya. Huhitaji walimu na kamati ya shule kukubaliana juu ya saa na watu.

Yapo pia maneno ambayo hayana budi kusemwa waziwazi. Viongozi wa elimu wamekemea mara nyingi tabia ya baadhi ya wazazi kumshawishi mtoto ajifelishe, ili abaki nyumbani kuchunga, kuajiriwa au kuozwa. Tangu mwaka 2016, elimu katika shule za Serikali hutolewa bila ada kuanzia awali hadi kidato cha nne. Kumwagiza mtoto aandike majibu ya uongo ni kumnyang’anya kwa siku moja alichokitafuta kwa miaka saba.

Na asiyechaguliwa Ilboru asihesabiwe kuwa ameshindwa. Mlango wa pili hufunguka baada ya mtihani wa kidato cha nne, ambapo mwanafunzi wa shule ya kata huweza kuchaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule hizo hizo za vipaji, akiwa na ufaulu unaotakiwa katika tahasusi yake. Kwa hiyo shule ya kata inastahili dawati, chakula cha mchana na mahudhurio kamili sawa na shule yoyote yenye sifa.

Kata huweza kujivunia mtoto mmoja aliyepanda Ilboru, na ni haki yake. Lakini kipimo kilicho kizito zaidi ni idadi ya watoto wafikao darasa la nne bila kuweza kusoma ukurasa mmoja. Kipimo hicho kila mzazi anaweza kukichukua nyumbani. Jioni hii mtoto apewe kitabu chake cha Kiswahili, asome kwa sauti, kisha aeleze alichokisoma. Akishindwa, kesho asubuhi mzazi afike shuleni kumwona mwalimu, bila kungoja matokeo ya Septemba.