Barabara Ilitangulia Nishani



Mtu aingiaye Albany, makao makuu ya Jimbo la New York huko Marekani, kwa kufuata barabara kuu nambari 9, hupita katika mtaa wa Arbor Hill chini ya vibao vyenye jina la Henry Johnson. Zamani kipande hicho kiliitwa Northern Boulevard, yaani Barabara ya Kaskazini, jina lisilomdai mtu kitu. Jina la sasa linadai.

Henry Johnson alikuwa Mmarekani Mweusi, mchukuzi wa mizigo ya abiria katika stesheni ya garimoshi ya mji huo. Mwezi Juni 1917 alijiandikisha askari. Wakuu wa jeshi la Marekani hawakutaka weusi wapigane bega kwa bega na weupe, hivyo rejimenti yake, iliyokuja kuitwa ya 369, ikakabidhiwa kwa jeshi la Ufaransa. Wafaransa nao walikuwa wakoloni, wala hawakuwa watakatifu. Lakini walikuwa na upungufu wa watu, wakawapa bunduki na kofia za chuma, wakawaweka mstari wa mbele.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, kando ya msitu wa Argonne, Johnson na mwenzake Needham Roberts walikuwa zamu. Kikundi cha Wajerumani kisichopungua 12 kiliwavamia. Roberts alijeruhiwa vibaya, na maadui wakaanza kumburura wamchukue mateka. Bunduki ya Johnson ilikwama, akaigeuza rungu. Ilipovunjika akachomoa panga. Alipigana hadi maadui wakakimbia na mwenzake akaokoka. Yeye alitoka na majeraha 21.

Ufaransa iliwavika wote wawili nishani ya Croix de Guerre. Nchi yao haikuwavika kitu. Hata hivyo picha ya Johnson ilitumika kuwashawishi raia wanunue stempu za akiba ya vita, na tarehe 17 Februari 1919 alipitishwa ndani ya gari la wazi katika gwaride la New York huku umati ukimshangilia. Mwaka huo huo, mjini St. Louis, alitarajiwa kusimulia udugu wa weusi na weupe vitani. Badala yake alisimulia jinsi askari weusi walivyonyanyaswa na wenzao weupe. Mialiko ya kuhutubia ikakoma. Shujaa alipendwa maadamu alikuwa picha. Alipofumbua kinywa akawa kero. Alifariki mwezi Julai 1929, hajafikia umri wa uzee, na kwa miaka zaidi ya 70 wengi walidhani amezikwa katika kaburi la maskini, kumbe alizikwa makaburi ya taifa ya Arlington.

Serikali ilimtunuku nishani ya majeruhi mwaka 1996. Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote, ilitolewa na Rais Barack Obama tarehe 2 Juni 2015, miaka 97 baada ya usiku ule. Mji wa Albany ulikuwa umekwisha kuandika jina lake barabarani. Wako wasemao kwamba kumpa marehemu barabara ni heshima rahisi, bati na rangi tu. Ni kweli ni rahisi. Lakini jambo lililo rahisi kiasi hicho, kwa nini lilimshinda mkubwa likamwezekana mdogo?

Katika vita hiyo hiyo Waingereza waliwakusanya Waafrika wa Afrika ya Mashariki kwa maelfu wawabebee askari mizigo, na wengi mno walikufa kwa maradhi na uchovu. Dar es Salaam kumbukumbu yao ni Kariakoo, neno lililotokana na Carrier Corps. Hilo ni jina la kikosi. Hakuna mchukuzi hata mmoja anayetajwa humo kwa jina alilopewa na mama yake.

Mwezi Juni 2023 jeshi la Marekani lilimpa Johnson heshima nyingine: kambi ya Fort Polk, Louisiana, iliyokuwa na jina la jenerali aliyepigania upande wa wenye watumwa, ikaitwa Fort Johnson. Mwaka 2025 amri ikabadilika. Jina la Polk likarudishwa, likaelezwa kuwa sasa ni la Polk mwingine, aliyepigana katika Vita Kuu ya Pili. Jina la mchukuzi lilikaa langoni miaka miwili. Amri hiyo ilihusu kambi za jeshi. Barabara ya Arbor Hill ni mali ya mji.