Haki ya Mtu Anunuaye kwa Kulipa Kidogo Kidogo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru)



Nimetakiwa niseme juu ya mapatano baina ya mnunuzi na mfanya biashara. Jambo hili ni pana. Nitashika sehemu moja iwagusayo wengi hapa Nakuru, na Njoro, Molo na Subukia, nayo ni kununua kitu kwa kulipa kidogo kidogo.

Desturi yake mwaifahamu. Mtu hutoa fedha za kwanza, akachukua cherehani au makochi, kisha akalipa kila mwezi. Kwa sheria, yeye si mwenye mali bado. Ni mkodi, mpaka amalize malipo yote. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba mkodi akikosa mwezi mmoja, duka laweza kuleta gari na kukichukua kitu wakati wowote.

Sivyo hivyo daima. Sheria ya Kenya ya mwaka 1968 isimamiayo mapatano haya yasema kwamba mkodi akiisha kulipa theluthi mbili za bei yote, mwenye mali hawezi kukitwaa kitu ila kwa kufungua kesi mahakamani. Tuseme bei yote, pamoja na fedha za kwanza, ni shilingi 90,000. Theluthi mbili zake ni shilingi 60,000. Mkulima aliyekwisha kulipa kiasi hicho, akakwama kabla ya kuvuna mahindi, halazimiki kumpa kitu hicho mjumbe wa duka aliyesimama mlangoni. Deni lipo, na kulilipa ni wajibu. Lakini mwenye kuamua ni hakimu.

Tahadharini, hata hivyo. Sheria hiyo haihusu makampuni yanayokodi, wala bei ipitayo kiasi kilichowekwa. Tena karatasi nyingine, kama nyingi za pikipiki, huandikwa kuwa ni mkopo, nazo zina sheria yake mbali. Basi kabla ya kutia sahihi, ulizeni: Je, ninakodi au ninakopa? Na bei yote ni kiasi gani? Kuuliza si ujeuri. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata habari za kitu anachokinunua.

Mwisho, wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Theluthi mbili isiyo na ushahidi ni maneno matupu. Wekeni stakabadhi zote, na malipo ya simu yaandikeni daftarini kwa tarehe. Nanyi wazee, waonyesheni wake na watoto wenu zilipo karatasi hizo, ili mauti yakiwafikia, mjane asinyang'anywe kitu kilichokaribia kuwa chake.