Robert Koch na Papasi wa Njia ya Misafara

Kabla reli ya kati haijafika Kilosa mwaka 1909, mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda bara ilibebwa na wapagazi. Usiku walilala kwenye mabanda ya udongo yaliyopokea msafara baada ya msafara, na humo, katika nyufa za sakafu na kuta, ndimo alimoishi papasi, mdudu wa jamii ya kupe. Wapagazi walimjua na kumwogopa. Hujificha mchana, hutoka gizani, hunyonya damu upesi na kurudi ufani. Siku kadhaa baadaye aliyeumwa hushikwa na homa kali. Hupoa, akadhani amepona, kisha humrudia.

Mwaka 1905 Robert Koch, Mjerumani wa miaka 61, alikuwa akiwachunguza papasi hao katika njia za koloni la Ujerumani. Hakuwa mgeni: mwaka 1897 na 1898 alifanya kazi Dar es Salaam, akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Wala hakuhitaji sifa zaidi. Alizaliwa Clausthal mwaka 1843, akasoma Göttingen, akawa daktari wa wilaya. Mwaka 1876 alionyesha kimeta kinavyosababishwa na bakteria, na tarehe 24 Machi 1882 akatangaza mjini Berlin kuwa amemwona kijidudu wa kifua kikuu. Mwaka ule ule wa papasi ndio aliopewa Tuzo ya Nobel.

Ualimu wake pia ulizaa matunda. Tangu 1885 alikuwa profesa wa afya ya jamii Berlin, na waliofanya kazi chini yake ni pamoja na Kitasato kutoka Japani, Behring na Ehrlich. Hao wawili wa mwisho nao walipata Nobel.

Kuhusu papasi, haki itendeke: Koch hakuwa peke yake. Watafiti wengine wawili, Dutton na Todd, walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo Kongo. Dutton alifia Kasongo Februari 1905, na bakteria wa homa hiyo leo ana jina lake, Borrelia duttonii. Alichoongeza Koch ni kuwapasua papasi na kutazama mayai yao kwa hadubini. Aliwakuta bakteria humo, maana yake papasi huzaa watoto walio tayari na ugonjwa. Banda lililohamwa linaweza kubaki na hatari kwa miaka, na ndiyo maana alishauri wasafiri wasilale kwenye mabanda ya zamani. Ushauri wa bure, usio na dawa hata moja.

Dawa ndiyo iliyomponza. Mwaka 1890 alitangaza tuberkulini kuwa tiba ya kifua kikuu, na haikutibu. Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, kupambana na malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Wagonjwa walipata nafuu kwa muda. Kipimo kikapandishwa, na baadhi yao wakapofuka moja kwa moja. Alipendekeza pia wagonjwa wakusanywe kambini. Hawakuwa na nafasi ya kukataa, na hapa hakuna sababu ya kumtetea. Msaidizi wake Kleine ndiye aliyeonyesha mwaka 1909 namna vimelea vya malale vinavyokua ndani ya mbung'o. Mbung'o, wengine humwita ndorobo, bado huwauma watalii katika Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964.

Papasi naye hajahama. Dodoma, mkoa unaopakana na Kilosa, watafiti wamewakuta watoto wa Mvumi na homa hii, na ni hatari zaidi kwa wajawazito na watoto wachanga. Zamani mtaalamu wa maabara aliyetafuta malaria kwenye slaidi ya damu aliweza kuwaona bakteria wa papasi papo hapo, wamejikunja kama skrubu. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria hujibu swali moja tu: malaria ipo au haipo. Kikisema haipo, homa hubaki bila jina, na mgonjwa hurudishwa nyumbani, pengine kwenye sakafu ile ile ya udongo.

Hivyo ombi kwa walimu wa chuo cha maafisa tabibu Kilosa, na kwa wenzao wa zahanati za Mikumi, ni hili: hadubini isifungiwe kabatini, na mgonjwa wa homa inayorudi aulizwe kwanza alilala wapi.