Mjusi Asiye na Dume

Leo naanza na mjusi. Msicheke, tutafika shambani.

Kule Marekani, katika jimbo la New Mexico na sehemu za jirani, kuna mjusi mwembamba mwenye mistari mgongoni na mkia mrefu kama mjeledi. Wote ni majike, dume hakuna! Jike hutaga mayai bila kupandwa, nayo huanguliwa vizuri, na watoto wote ni majike kama mama yao. Mwaka 2003 jimbo hilo lilimfanya kuwa mtambaazi wake rasmi.

Mtauliza, basi alitoka wapi? Zamani mijusi wa aina mbili tofauti, jike na dume, walikutana wakazaa chotara. Chotara huyo ndiye aliyeweza kuzaa peke yake.

Kwa kawaida yai hubeba nusu ya urithi wa mama, na nusu nyingine hutoka kwa baba. Mwaka 2010 watafiti wa Kansas City walieleza kwamba mjusi huyu huuongeza urithi wake mara mbili kabla ya kuugawa. Kwa hiyo yai hubaki na urithi kamili, wa zile aina mbili za zamani.

Faida ipo: mmoja tu akifika mahali papya, anaweza kuanzisha ukoo. Lakini hasara ipo pia. Kwa kuwa wanafanana hivyo, ugonjwa ukimshinda mmoja, unaweza kuwashinda wote.

Sasa twende shambani. Muhogo tunaupanda kwa vipande vya shina, na ndizi kwa machipukizi. Mche wa namna hiyo ni mama yule yule. Miaka ya 1990 ugonjwa wa mihogo unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano ulienea Uganda ukaingia magharibi mwa Kenya. Aina nyingi zilizopendwa na watu hazikuuweza, na nyumba nyingi zikakosa chakula.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya mvua kila kikundi kihesabu: tuna aina ngapi za mihogo? Kama ni moja, mwoneni afisa wa kilimo mpate nyingine inayostahimili ugonjwa. Vipande vikatwe kwenye mimea yenye afya tu, msichukue kwa jirani bila kuangalia majani.

Mjusi yule hawezi kubadilisha mbegu yake. Sisi tunaweza.