Cheti, Kitambulisho au Pasipoti?



Nimehudumu katika meli za watalii zitokazo Miami. Swali niulizwalo sana ni hili: je, abiria lazima awe na pasipoti?

Kwa kanuni ya Marekani iliyoanza tarehe 1 Juni 2009, raia wao anayezuru visiwa vya Karibi na kurudi bandari ile ile aweza kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha. Mtoto chini ya miaka 16, cheti chamtosha. Lakini ruhusa hiyo si yetu. Mwenye uraia wa Tanzania au Kenya sharti awe na pasipoti, na viza itakayomrudisha, maana kurudi bandarini ni kuingia nchi upya.

Hata raia wao huwashauri wachukue pasipoti. Nilimwona mama mmoja ameachwa gatini Cozumel, Meksiko, nasi tumeshang'oa nanga. Meli haingoji mtu, na ndege ya kurudi Marekani haipandwi kwa cheti. Aachwaye hivyo huanzia ubalozini kuomba hati.

Vijana, pasipoti nayo huombwa kwa cheti cha kuzaliwa. Kitafuteni sasa, kabla safari haijawaita.